Maji ya Europe

Hadija aliponipigia simu kuniambia kwamba Mama Rashidi ametutoka, nilikuwa katika maabara ya lise yetu, shule ya sekondari ya Kigobe hapa Bujumbura, mbele ya watoto waliokuwa wakingoja niwaeleze kwa nini maji ya chumvi huchelewa kuganda. Niliwaambia wasome kimya, nikatoka barazani. Hadija hakulia. Alisema Mama alikunywa chai yake asubuhi, akasema anajilaza kidogo, basi. Akaniambia watazika leo leo, kwa sababu Waislamu hawacheleweshi maiti, na kama nitakosa gari nitembee. Gari nilijua nitakosa. Mafuta yalikuwa yameadimika mjini kwa majuma mengi, na mabasi yalikuwa yamepangwa kwenye vituo vya mafuta kama ng'ombe kwenye josho. Nikavua koti jeupe, nikabadili viatu, nikatembea.

Kutoka Kigobe hadi Buyenzi, alikokaa Mama, si mbali kwa mtu asiye na haraka, lakini mimi sijawahi kwenda Buyenzi bila haraka. Nimekaa vyumba vingi katika mji huu, vingine vizuri zaidi, na mume wangu huniuliza kwa nini nikiota ndoto naota kile kimoja tu, chumba cha uani nilichopanga kwa Mama Rashidi mwaka wa mwisho wa masomo yangu. Labda ni kwa sababu mwaka ule sikuweza kutulia, na mahali ambapo mtu hakutulia hapamwachi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikula nimesimama, nilisoma nikizunguka, nilianza barua nikaziacha. Kila rafiki niliyekuwa naye chuoni alikuwa na mpango wa kuondoka, na asiyekuwa na mpango alikuwa na ndugu mwenye mpango. Tulizungumza juu ya nchi za watu kama vile tulikwisha kuvisahau viatu vyetu huko.

Chumba chenyewe kilikuwa na mlango wa bati na dirisha lililotazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na kiwanda cha barafu cha Mama Rashidi, kama unaweza kukiita kiwanda: banda refu lenye paa la bati, kompresa moja kuukuu iliyonguruma mchana kutwa, na tangi kubwa la chuma lililojaa maji ya chumvi. Ndani ya tangi yalichovywa makopo marefu ya bati yenye maji ya bomba. Maji ya bomba yaliganda, maji ya chumvi yaliyoyazunguka hayakuganda, ingawa yalikuwa ya baridi zaidi kuliko barafu yenyewe. Hadija alivuta makopo kwa ndoana, akayamwagia maji ya uvuguvugu ubavuni, na gogo la barafu likateleza nje, angavu pembeni, jeupe kama maziwa katikati. Aliyafunika magogo kwa pumba za mpunga, na wauza samaki na wauza maji ya matunda wakaja na ndoo zao. Umeme ulipokatika, ngurumo ilikoma ghafla, na sisi sote uani tukainua vichwa, hata aliyekuwa amelala. Nadhani tulichoka zaidi kwa kungoja ngurumo irudi kuliko tulivyochoka kwa kelele yake.

Jioni tulikula pamoja kwenye mkeka, Mama Rashidi, Hadija na mimi. Ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, mboga ya lengalenga iliyopikwa na mawese, na Ijumaa wali wa nazi pale nazi zilipopatikana kwa wafanyabiashara wa kutoka Tanzania. Mama Rashidi alikuwa mwanamke mnene, wa maneno machache, aliyekuwa na tabia ya kumaliza kutafuna kabla ya kukujibu, hata kama umemuuliza jambo la haraka. Jina lake mwenyewe lilikuwa Zubeda, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Wote walimwita kwa jina la mwanawe, na mwanawe hakuwepo. Rashidi alikuwa fundi wa magari, mmoja wa vijana walioshinda wamelala chini ya injini katika gereji za mtaa ule. Alimwoa Hadija, na kabla ndoa haijafika mbali akaondoka kwenda kutafuta Ulaya kwa njia ya nchi kavu. Kampala, kisha Khartoum, kisha jangwa. Simu yake ya mwisho ilitoka mji mmoja wa pwani huko Libya. Alisema wanangoja bahari itulie. Baada ya hapo hapakuwa na neno, na nilipohamia pale kimya hicho kilikuwa kimekwisha kuwa cha miaka. Simu ya Mama ilikaa juu ya kabati la vyombo, haikuzimwa hata mara moja. Ikilia, wote watatu tulisimama, hata mimi ambaye mambo hayo hayakuwa yangu.

Mambo yangu mimi yalikuwa mbali zaidi. Profesa wangu wa kemia, mtu mwembamba aliyekula karanga huku akifundisha, alikuwa amenipa kazi ya memwari, tasnifu ya kumaliza chuo, ambayo wenzangu waliicheka. Alinionyesha picha za miezi ya sayari kubwa, ile inayozunguka Mshtarii na ile inayozunguka Zohali, dunia ndogo zilizovikwa barafu tupu. Chini ya barafu hiyo, alisema, kuna bahari. Jua halifiki huko kuzipasha joto. Sayari kubwa huuvuta mwezi na kuuachia, huuvuta na kuuachia, kama mpishi anayekanda unga, na kukandwa huko ndiko kunakoleta joto. Mwezi mdogo mmoja wa Zohali, uitwao Enselade, hutoboka upande wa kusini na kurusha maji yake angani, na chombo kilichopita katikati ya manyunyu hayo kilikuta chumvi na amonia. Habari hizo zilikuwa bado changa. Mwezi wa Mshtarii ulionihusu mimi una mistari ya rangi ya kutu juu ya barafu yake, mahali ambapo chumvi huenda imepanda kutoka chini. Profesa alitaka nijue jambo moja dogo: maji ya namna ile yakiganda, chumvi yake inakwenda wapi? Kwa sababu barafu huikataa chumvi. Huisukuma ikajikusanya katika vijishimo vya maji makali yasiyoganda, na kama kiumbe chochote kingeweza kuishi ndani ya barafu, kingeishi humo.

Nilinunua chumvi ya magnesi farmasi, ileile wanayopewa watu waliofunga choo, nikachanganya maji yangu kwa vipimo mbalimbali, mengine nikayatia amonia. Kisha konjelateri ya maabara, friza tuliyogandishia, ikafa. Umeme uliporudi siku moja kwa nguvu mno, iliungua, na hapakuwa na nyingine. Nilizunguka mji mzima nikiomba. Hoteli zilikataa, duka moja la nyama Bwiza lilikubali kisha likaogopa harufu. Nikarudi nyumbani nimekata tamaa, nikasikia ngurumo ile nyuma ya ukuta, nikajishangaa. Barafu, chumvi, hata amonia, maana ndiyo iliyozunguka ndani ya mabomba ya kompresa na kutuchoma pua siku ilipovuja. Vyote vilikuwa hatua chache kutoka kitandani kwangu.

Nilimwomba Mama Rashidi wakati tukila. Nilimwambia nataka kuchovya vikopo vyangu katika tangi lake, pembeni, bila kumharibia kitu. Alitafuna, akameza, akauliza ni vya nini.

"Ni vya memwari yangu, Mama. Nasoma juu ya maji ya Europe."

Ndivyo mwezi ule wa Mshtarii unavyoitwa kwa Kifaransa, jina lilelile la bara la Ulaya, na sisi wa kemia tulisoma kwa Kifaransa. Sikuwaza zaidi ya hapo. Mama Rashidi akamwambia Hadija aniongezee samaki. Akasema, "Chovya, mwanangu. Vyote unavyotaka."

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri, na sikujua kwa nini yalikuwa mazuri kiasi kile. Nilichovya vikopo, nikavitoa, nikavikata kwa msumeno mdogo, nikapima chumvi ya pembeni na ya katikati. Ramadhani iliingia, na Mama Rashidi akasisitiza nile futari nao ingawa sikufunga: tende, uji wa pilipili manga, sambusa ambazo Hadija alizikunja haraka kama mtu anayekunja bahasha. Mama alianza kuniuliza maswali, moja kila jioni. Baridi ya kule ikoje? Nikamwambia ni baridi ambayo mtu hawezi kusimama nje hata kidogo. Akaguna. Siku nyingine akauliza kama kule bahari ni kali. Nikasema bahari ipo, lakini imefunikwa, hakuna aliyewahi kuiona kwa macho. Aliona kwamba hilo linaeleza jambo fulani, kwa maana alitikisa kichwa polepole akageukia sala yake. Majirani wa kike walianza kunisalimu kwa heshima. Mmoja alinivuta mkono sokoni akaniambia nikishafika nisiwasahau. Nilidhani anasema nikishafika kwenye vyeo.

Jumamosi moja baada ya Idi, Mama aliniita chumbani kwake, mahali ambapo sikuwahi kuingia. Kilikuwa chumba cha giza, safi, kinachonukia udi, chenye kitanda cha chuma kirefu na picha moja ukutani, kijana anayecheka amevaa ovaroli. Kitandani lilitandazwa koti zito la sufi, la mitumba lakini zuri, vifungo vyake vimeshonwa upya. Alilikunja mbele yangu, mikono kwanza, kisha mgongo, akaniwekea mapajani.

"We utapita njia ya ndege, hautateseka," alisema. "Ukifika uulize Warundi. Warundi banajuana. Umwambie mama yake hakasiriki. Umwambie avae hii, maana umesema baridi inaua."

Hadija alikuwa mlangoni ameshika ufagio. Nilimwambia, Mama, Europe yangu si ile. Ni mwezi. Ni mwezi mdogo unaozunguka nyota kubwa ya Mshtarii, hakuna mtu huko, hakuna ndege ya kwenda huko, wazungu tu ndio walioupa jina hilo. Na mimi sina safari. Nilisema haya yote kwa pumzi moja. Hadija alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile, na kicheko chenyewe kilitoka vibaya, kama kikohozi, kisha akaweka ufagio chini akatoka. Mama Rashidi alilichukua koti mapajani mwangu bila kunigusa.

"Mwezi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Sawa."

Siku zilizofuata alinisalimu na kunijibu salamu, lakini hapakuwa na swali la jioni. Vikopo vyangu vilibaki tangini, hakuna aliyesema niviondoe. Mimi ndiye niliyeanza kuingia bandani kwa aibu, saa ambazo nilijua hayupo. Aliyekuwepo alikuwa Hadija. Alikuwa na umri wangu, au karibu, mikono yake imepasuka kwa baridi na chumvi, na hadi siku ile tulikuwa hatujazungumza zaidi ya chumvi na maji. Akiwa anafukia magogo kwenye pumba, aliniuliza nimweleze ule mwezi kwa kweli. Nikamweleza. Nilikuwa na kiu ya kumweleza mtu. Nilimwambia kwamba sisi hatusemi kuna uhai kule, tunauliza tu kama mahali panafaa. Panahitaji maji, na maji yapo. Panahitaji vitu vya kujengea mwili, na inaelekea vipo. Panahitaji nguvu ya kuendesha maisha, kama moto chini ya chungu, na huenda mawe ya chini ya bahari yanaitoa. Nikamwambia hata ziwa letu la Tanganyika, ukishuka chini sana, maji hayana hewa wala mwanga, samaki hawezi kupita, na bado kuna vijidudu vinavyoishi kwa kula kile ambacho mawe na uozo vinatoa.

"Kwa hiyo panafaa," Hadija alisema.

"Inaelekea panafaa. Lakini mahali kufaa si sawa na kuwa na mtu ndani."

Aliacha kufukia. Akauliza tutajuaje kama hakuna kitu. Nikamjibu kama profesa alivyonijibu mimi: kujua kwamba kipo, unahitaji kukiona kimoja tu. Kujua kwamba hakipo, unaweza kutafuta usimalize. Akauliza, basi anayetafuta anafanya nini na maisha yake? Nilijibu bila kufikiri, kwa sababu nilikuwa nawaza profesa na karanga zake. Nilisema anafanya na kazi nyingine. Anafundisha, anaoa, anazaa. Hawezi kungoja jibu ndipo aishi.

Hadija alichukua ndoana yake akaendelea na kazi. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, wauza samaki walikuwa wanagonga lango.

Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba upande wa sebule pia. Ijumaa, baada ya sala ya mchana, sheikh wa mtaa alikuja kama alivyokuwa akija mara kwa mara, nami nikasikia yale niliyoyazoea. Alimwambia Mama kwamba miaka imepita, kwamba mke kijana hawezi kuwekwa kama mzigo bandarini, kwamba wanaweza kumsalia Rashidi sala ya maiti aliye mbali na kila mtu akapumzika. Mama alijibu alivyojibu siku zote, kwamba hawezi kumzika mtu ambaye hajamwona amekufa. Kwa kawaida mazungumzo yaliishia hapo na chai ikaletwa. Siku ile nikasikia sauti ya tatu. Hadija alisema kwa utulivu kwamba hataki Rashidi asaliwe. Anataka yeye afunguliwe ndoa. Sheikh akamwuliza amejua nini kipya. Akasema hajajua kitu. Akanitaja mimi kwa jina, akasema Floride amemwambia kwamba anayetafuta hawezi kungoja jibu ndipo aishi.

Mama Rashidi alikuja mlangoni kwangu kabla chai haijapoa. Hakuingia.

"We ulimwambia Hadija mutoto wangu amekufa?"

"Apana, Mama. Nilimwambia habari za mwezi."

"Mwezi wako unaingia sana ndani ya nyumba yangu," alisema. "Toa makopo yako."

Niliyatoa siku hiyohiyo. Nikayapanga kando ya kitanda changu, mfululizo mzima wa mwisho, ule uliokuwa na amonia, ambao ndio ulikuwa nguzo ya memwari, na nikakaa kuangalia joto la Bujumbura likiyafanyia kazi. Barafu ililia kidogo ikipasuka. Maji yakatoka chini ya mlango yakaenda uani, na kuku wakayanusa wakayaacha. Sikuwa na hasira kwa Mama. Hasira yangu ilikuwa kwa Hadija, kwamba amechukua neno langu la kemia akalifanya kisu, na nilipomwona akivuka ua nilimgeuzia mgongo. Nilitembea mji wote juma lile. Nilikwenda hadi bandarini nikarudi, nikaenda hadi Bwiza nikakaa kwa rafiki yangu mmoja aliyekuwa anangoja viza, nikamsikiliza akiongea juu ya jiko atakalonunua huko, nikashindwa kukaa, nikarudi. Nilifikiri kuhama. Kila nilipofungasha nilikumbuka kwamba tangi ni moja tu.

Kisha siku moja adhuhuri, umeme umekatika na mtaa umenyamaza isipokuwa nyundo za gereji, Mama Rashidi aliingia chumbani kwangu na sahani ya wali na mukeke. Alikaa juu ya kitanda, kwa sababu kiti kilikuwa na vitabu. Alingoja nianze kula. Akasema nimwambie na yeye, neno kwa neno, yale niliyomwambia Hadija. Nikamwambia yote: maji, chumvi, joto la kukandwa, mawe, vijidudu vya chini ya ziwa. Sikuruka lile la mwisho pia. Alisikiliza akiangalia mikono yake. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo hata jopo la chuo halikuniuliza baadaye.

"Na we, ndani ya moyo, unaamini nini? Kuna kitu kule?"

Nikasema, ndani ya moyo naamini kipo. Lakini siwezi kuandika hivyo, kwa sababu hakuna aliyekiona.

"Basi na mi ni hivyo," alisema. "Ndani ya moyo mi najua Rashidi iko. Kila siku najua. Lakini Hadija hawezi kuishi ndani ya moyo yangu. Ni padogo."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja ukubwa wa chumba. Kisha akalia, si sana, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaniambia samaki anapoa. Nilikula kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. Alipoinuka alisema nirudishe makopo yangu umeme ukirudi, ila niyaweke upande wa ukutani, yasimsumbue Hadija.

Aliyekwenda kumwita sheikh alikuwa Mama Rashidi mwenyewe. Alimwambia ndoa ifunguliwe, na Hadija akae eda yake palepale nyumbani, kwake, si kwa mtu mwingine. Kuhusu sala ya maiti alisema apana, na asiulizwe tena. Sheikh alikuwa mzee mwenye busara, akakubali. Miezi ile ya eda nilikuwa nikimwona Mama akimpakulia Hadija kwanza, kabla yangu na kabla yake mwenyewe, kama vile Hadija ndiye aliyekuwa mgeni wa mbali. Mimi na Hadija tulipatana bila kuombana radhi. Siku moja tu aliingia chumbani akashika msumeno akanisaidia kukata barafu, akaniambia nakata vibaya, nikampisha.

Nilitetea memwari yangu mwisho wa mwaka, katika ukumbi wenye feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Mmoja wa wale waliokaa mezani aliniuliza nchi kama yetu inahitaji nini kwenye mwezi ambao hakuna Mrundi atakayeukanyaga. Watu walicheka. Nilikuwa nimejiandaa kusema juu ya maendeleo ya sayansi, lakini nilipofungua mdomo nilisema kwamba chumvi ni ileile na baridi ni ileile, kuna nyumba Buyenzi ambamo nimeziona zote mbili, na kwamba kuuliza kama mahali panafaa kuishi si swali la matajiri peke yao. Profesa wangu aliacha kutafuna. Walinipa alama nzuri. Nyuma ya ukumbi walikuwa wamekaa Mama Rashidi na Hadija, wamevaa nguo za Idi, na sidhani walielewa Kifaransa chote, lakini nilipotaja Buyenzi Mama aliketi wima.

Profesa alinitafutia nafasi ya kuendelea na masomo nje. Tuliandika, tukangoja, na jibu halikuja. Nililingoja kwa muda, kisha nikachukua kazi ya kufundisha. Hadija aliolewa na muuza vipuri, mtu mpole wa mtaa wa pili, na Mama Rashidi ndiye aliyempamba. Watoto wao walikua wakimwita bibi. Nilipowatembelea miaka ya karibuni, tukizungumza, nilimwambia Mama kwamba sasa kuna vyombo vimekwisha kurushwa, viko njiani kuelekea Mshtarii, safari ya miaka. Nikamwambia kwamba hata kile kinachokwenda kwenye mwezi wangu hakiendi kutafuta viumbe. Kinakwenda kuuliza kama panafaa. Alimaliza kutafuna. Akasema ni vizuri, mutu aulize polepole.

Siku ya mazishi nilifika maiti ikiwa tayari imetolewa. Nilirudi siku ya tatu, kwenye hitima. Wanaume walikuwa uani chini ya turubai, sisi wanawake tumejaa sebuleni hadi kwenye korido, nimebanwa kati ya shangazi mmoja na Hadija aliyempakata mtoto wake wa mwisho. Yule sheikh mzee alikwisha kufa zamani. Huyu alikuwa kijana, wa msikiti mwingine, mwenye sauti nzuri, na hakuijua nyumba. Kabla ya dua alikuja mlangoni kwetu, akainamisha macho, akauliza marehemu ameacha watoto gani, ili awataje.

Shangazi alisema alikuwa na mmoja, Rashidi.

Kijana yule aliuliza kwa adabu amtaje wapi, katika dua ya walio hai au katika dua ya marehemu.

Mtu aliyekuwa anapanga vikombe akaacha. Kisha wanawake wote wakamgeukia Hadija, kana kwamba miaka haikupita na mume wake hakuwa pale nje chini ya turubai. Hadija alimhamisha mtoto kutoka goti moja hadi jingine. Nilihisi bega lake likipanda na kushuka.

"Mutaje jina tu, sheikh," alisema. "Mungu anajua pa kumuweka."

Sheikh aliitikia, akarudi kwa wanaume. Tulimsikia kupitia dirishani. Aliwaombea waliotangulia, mmoja mmoja, akaanza na Zubeda binti Hassani, kisha wazazi wake, kisha mzee wa nyumba, mumewe. Alipomaliza hao alinyamaza. Akasema, "Na Rashidi," peke yake, pasipo neno la mbele wala la nyuma. Akanyamaza tena. Kisha akaanza walio hai, na sisi ndani tukaitikia amina.